Nyuzi Mpya za Gitaa la Besi: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

"Mwalimu, nimeweka nyuzi mpya kabisa lakini besi inalia kama bati."

Kijana wa kwaya aliniambia hivyo Jumamosi jioni huku akifungua mkoba wa gitaa, ibada ikiwa ni kesho yake asubuhi. Nililiona tatizo kabla hajachomeka waya. Ile hariri nyekundu inayofungwa mwishoni mwa uzi ilikuwa imevuka kichwa cha gitaa na kukalia mfupa wa shingo. Kwenye uzi wa E ilikuwa imekaribia freti ya kwanza. Alikuwa amenunua nyuzi za besi fupi akazifunga kwenye besi ndefu. Seti nzima, pesa ya kujinyima wiki kadhaa, haikuwa na kazi tena.

Baada yake alikuja mwingine mwenye nyuzi za urefu sahihi, ila alikata uzi wa E kabla ya kuukunja na waya wa nje ukaanza kufumuka. Wa tatu alitoka kwenye nyuzi nyembamba akaweka nene, shingo ikapinda, naye akaamini gitaa limekufa. Makosa ni yale yale, na yote yanazuilika. Ndiyo maana nimeuandika utaratibu mzima hapa, kwa ajili ya mtu mwenye besi yake mkononi na pesa ya seti moja tu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tepu ya kupimia yenye sentimita na inchi
- Kalipa, ile mafundi wanaiita venia. Kama huna, nenda kwa fundi wa vyuma mtaani, atakupimia kwa dakika mbili
- Karatasi na kalamu
- Simu yenye programu ya kutyunia, au tyuna yenyewe
- Plaizi kali ya kukatia waya. Mkasi utauharibu uzi na mkasi wenyewe
- Bisibisi na alenki zinazoingia kwenye gitaa lako
- Kitambaa cha pamba na spiriti kidogo
- Karatasi nne za fotokopi za kawaida. Utaziona kazi yake hatua ya 8

Tukubaliane majina pia. "Mfupa" ni kile kipande chembamba chenye mifereji kati ya shingo na kichwa, hata kama chako ni cha plastiki. "Daraja" ni chuma cha kwenye mwili wa gitaa kinachoshika nyuzi, na juu yake kila uzi una "kitako" chake kidogo kinachosogea. "Kidonge" ni ile pete ya shaba mwishoni mwa uzi. "Freti" ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na "kigingi" ni kile cha kichwani unachozungusha kukaza uzi. Kwenye besi ya nyuzi nne, E ndio uzi mnene kuliko yote na G ndio mwembamba.

## Hatua ya 1: Hakikisha nyuzi ndizo zenye shida

Pitisha ukucha chini ya kila uzi, upande unaogusa freti. Ukisikia vishimo, uzi umelika. Halafu utyuni uzi wazi, uubonyeze freti ya 12 na kuangalia tyuna. Kama zamani ulikuwa sawa na sasa noti ya juu inapanda au kushuka bila wewe kugusa daraja, uzi umechoka. Kutu inayoonekana kwa macho haihitaji kipimo.

Kama uzi umefifia tu kwa jasho na vumbi, ufute kwanza kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Weka kadi ya plastiki chini yake ili spiriti isiguse mbao wala rangi. Wakati mwingine hilo linatosha kukuvusha mwezi mzima.

Wapo wanaochemsha nyuzi kwa dakika kama 10. Sauti inarudi kweli, kwa sababu maji ya moto yanatoa uchafu uliojaa katikati ya mizunguko ya waya. Lakini uhai huo ni wa siku chache, na maji yakibaki ndani yanaleta kutu kwenye kiini. Ukifanya hivyo, zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha, na usipande nazo jukwaani siku ya shughuli kubwa.

Umekatika uzi mmoja tu? Kama mingine ina wiki chache, nunua mmoja wa unene ule ule na aina ile ile. Kama ina mwaka, badilisha yote. Uzi mmoja mpya katikati ya mikuukuu utapiga kelele peke yake, na msikilizaji atauona kila unapoupitia.

Ukifaulu: unajua kwa ushahidi kwamba nyuzi ndizo zimeisha, na siyo waya wa amplifaya au pikapu (kile kifaa cha sumaku chini ya nyuzi kinachonasa mlio) iliyolegea.

## Hatua ya 2: Pima urefu wa besi yako

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo usiharakishe.

Weka tepu kwenye ukingo wa mfupa, pale uzi unapoachana nao kuelekea kwenye freti. Pima hadi katikati ya chuma cha freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Usipime moja kwa moja hadi kwenye daraja, kwa sababu vitako vinasogea na kila kimoja kitakupa jibu lake. Freti ya 12 haihami.

Soma jibu lako hivi:

- Inchi 17 kwa nusu, yaani 34 kwa zima (sentimita 86.4): besi ndefu. Fender Precision, Fender Jazz na besi nyingi zilizopo makanisani na kwenye bendi ziko hapa. Kwenye pakiti tafuta maneno "Long Scale".
- Inchi 16 kwa nusu, 32 kwa zima: besi ya kati. Pakiti inaandikwa "Medium Scale".
- Inchi 15 kwa nusu, 30 kwa zima: besi fupi. Höfner yenye umbo la fidla na Fender Mustang ni mifano yake. Pakiti ni "Short Scale".
- Inchi 35 na kuendelea: baadhi ya besi za nyuzi tano. Tafuta "Extra Long" au "Super Long".

Besi za mtumba ndizo zinazodanganya. Mwili unaweza kuwa mkubwa na shingo ikawa ya inchi 32. Usikadirie kwa macho.

Sasa pima mara ya pili. Anzia pale kidonge kinapokaa, fuata njia ya uzi hadi kwenye mfupa, uandike. Kipimo hiki ni kirefu zaidi ya kile cha kwanza, kwa sababu uzi una safari nyuma ya kitako. Na kama gitaa lako linapitisha nyuzi mgongoni, zikitokea nyuma ya mwili na kuibukia kwenye daraja, safari hiyo inaongezeka sentimita kadhaa.

Sababu ya kujisumbua hivyo ni kwamba uzi wa besi hauna unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Sehemu nene inaishia mahali fulani, kisha uzi unakonda na kufungwa hariri ya rangi ili uzunguke vizuri kwenye kigingi. Sehemu nene lazima iuvuke mfupa kabla hariri haijaanza. Hariri ikikaa kwenye mfupa, uzi wazi unakufa, na hicho ndicho kilichomkuta yule kijana.

Uzi mrefu kupita kiasi nao una balaa lake. Sehemu nene itafika hadi kwenye kigingi na kulazimishwa kukunjwa pale. Nyuzi bapa hazipendi kabisa kukunjwa zikiwa na unene kamili. Waya wao wa nje ni kama utepe, na utepe huo unapasuka.

Ukifaulu: karatasi yako ina namba mbili, ya mfupa hadi freti ya 12 mara mbili, na ya kidonge hadi mfupa.

## Hatua ya 3: Jua unene uliokuwa nao

Unene wa nyuzi unahesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi. Ukisikia "45", maana yake ni inchi 0.045, karibu milimita 1.14. "105" ni milimita 2.67.

Kama una pakiti ya zamani, namba zipo mbele. Kama huna, pima kila uzi kwa kalipa katikati ya safari yake, mbali na hariri. Usiikaze kalipa hadi iminye uzi. Iguse tu.

Milimita 1.0 kwenye uzi wa G ni seti inayoanzia 40. Milimita 1.1 na kidogo ni 45. Milimita 1.25 au 1.3 ni 50. Upime na uzi wa E pia, kwa sababu seti mbili zinaweza kuanza na 45 na kuishia tofauti, moja 100 na nyingine 105.

Halafu jiulize swali ambalo kalipa haliwezi kujibu: nyuzi zile ulizipenda? Kidole kilichoka mapema? E ilikuwa inalegea na kugonga freti ukipiga kwa nguvu? Andika hayo nayo.

## Hatua ya 4: Amua unene

Kama uliridhika na nyuzi za zamani, chukua unene ule ule na uende hatua ya 5. Shingo ya gitaa lako imezoea mvuto ule, mifereji ya mfupa imekatwa kwa unene ule, na utajiokoa na kazi kubwa ya kurekebisha.

Kama unataka kubadilisha, haya ndiyo makundi utakayoyakuta madukani, kutoka G kwenda E:

- 40-60-80-100: nyepesi. Vidole vinapumua, na mpasuko wa dole gumba, yaani kuugonga uzi kwa dole gumba, ni rahisi. Lakini mwenye mkono mzito ataugongesha uzi kwenye freti.
- 45-65-85-105, au 45-65-80-100: ya kawaida. Besi nyingi mpya hutoka kiwandani na mojawapo ya hizi.
- 50-70-85-105 na 50-70-90-110: nzito. Zinataka vidole vilivyokomaa.

Kwa besi ya nyuzi tano, seti ya kawaida ni 45-65-85-105-130. Uzi wa B unaweza kuwa 125 hadi 135. Kama B yako inalia kwa kuyumba, bila noti kusimama, 130 au 135 itaisaidia zaidi ya 125.

Kinachoamua hasa ni mvuto. Uzi mmoja wa besi unavuta kilo 15 hadi 25, na nyuzi nne kwa pamoja zinakaribia uzito wa mtu mzima akining'inia shingoni mwa gitaa usiku na mchana. Uzi ukiwa mnene zaidi, lazima uvutwe zaidi ili ufike noti ile ile.

Angalia pia mnatyuni vipi. Kwaya nyingi na bendi za dansi hushusha nusu toni ili waimbaji wasikwaruze koo. Kushuka nusu toni tu kunapunguza mvuto kwa karibu asilimia 11. Mpiga besi aliyefunga 40-100 halafu akashusha nusu toni anacheza na kamba za kuanikia nguo. Kama nyimbo zenu zote ziko chini, chagua 45-105 au hata 50-110 na mkono utarudi kwenye ugumu ulioujua. Kama mnashusha wimbo mmoja katika kumi, usibadili kitu.

Maoni yangu, kwa mtu asiye na uhakika na mwenye besi ya inchi 34 iliyotyuniwa kawaida: 45-105. Hutajuta, na hata ukiona haikufai, kutoka hapo ni rahisi kwenda juu au chini.

Onyo: usiruke zaidi ya kundi moja kwa mara moja. Uzi wa 110 hauingii kwenye mfereji uliokatwa kwa 100. Utakaa juu ya mfereji, freti za kwanza zitakuwa ngumu kubonyeza na noti zitapanda. Usiuchonge mfupa kwa kisu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye tupa za unene maalumu, kwa sababu mfereji ukizidi kina, mara nyingi dawa yake ni kununua mfupa mwingine.

Ukifaulu: umeandika namba nne au tano, na unaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini ni hizo.

## Hatua ya 5: Chagua aina ya uzi

Unene unausikia vidoleni. Aina unaisikia kwenye spika, na hapa ndipo watu wananunua kwa jina la kampuni bila kusoma kilichoandikwa chini yake.

Kila uzi wa besi una kiini cha waya wa chuma, na juu yake waya mwingine umezungushwa. Umbo la waya huo wa nje na madini yake ndiyo yanayofanya sauti.

Nyuzi za duara ("Roundwound"). Waya wa nje ni wa mviringo, ukipitisha kidole unahisi mikwaruzo. Sauti yake inang'aa na kila noti inasikika ikianza. Kwa sebene, ambapo besi inajibizana na gitaa la solo na lazima ikate katikati ya tumba na dramu, ndizo zinazofaa. Hali kadhalika injili ya sasa na bongo fleva ya jukwaani.

Nyuzi hizi zina madini mawili makuu. "Nickel Plated Steel" ni chuma kilichopakwa nikeli. Sauti yake iko katikati, vidole haviumii sana, na freti hudumu. "Stainless Steel" inang'aa zaidi na inavumilia jasho vizuri zaidi, ila ni ngumu, kwa hiyo inakula freti haraka kidogo. Kwa mtu anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, mahali hewa ya chumvi inapolala na gitaa chumbani, huo uvumilivu ni wa thamani. Nyuzi zilizopakwa utando, zinaandikwa "Coated", ni za bei zaidi lakini zinaishi muda mrefu zaidi kwenye unyevu.

Nyuzi bapa ("Flatwound"). Waya wa nje ni utepe, uzi ni laini kama kioo. Sauti ni nzito, ya mviringo, na noti inaisha mapema na kuacha nafasi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za Motown kule Detroit, alitumia nyuzi bapa za La Bella na anajulikana kwa kutopenda kuzibadilisha. Kwa rege, kwa dansi la mwendo wa zamani, na kwa mpiga besi wa taarabu anayetaka kuikaribia ile besi kubwa ya kusimama, hizi ndizo. Zinakaa miaka. Ila zinavuta kwa nguvu zaidi ya nyuzi za duara za namba ile ile, kwa hiyo usizifananishe kwa namba tu.

Nyuzi za nailoni nyeusi. Kiini ni chuma, juu pamevikwa nailoni, na pikapu za kawaida zinazisoma bila shida. Ni laini na nene, na mara nyingi mfereji wa mfupa unahitaji kupanuliwa. Usianze nazo.

Mwenye besi isiyo na freti achukue bapa au nailoni. Nyuzi za duara zitamchimbia mbao ya shingo mistari.

Na kuna pakiti moja ya kukwepa kabisa: "Acoustic Bass", zenye waya wa shaba nyekundu au manjano, zinazoandikwa "Bronze". Pikapu ya sumaku haiisikii shaba. Inasikia kiini tu, na sauti itakuwa dhaifu na isiyolingana uzi kwa uzi.

## Hatua ya 6: Dukani

Nenda na karatasi yako. Nenda na uzi wa zamani pia, ule wa E, umeuviringisha mfukoni. Kutoka kwenye kidonge cha uzi huo pima hadi pale hariri ya upande wa kichwa inapoanzia, na uandike kipimo hicho. Muuzaji akikuambia "hizi zinaingia besi zote", jibu kwa upole kwamba unatafuta kipimo hiki, na umwonyeshe.

Kagua pakiti kwa mpangilio huu: ni ya besi, ni nyuzi nne au tano, urefu ni upi, namba za unene ni zipi, aina ni ipi. Pakiti isiyotaja urefu wala unene irudishe mezani, hata kama bei inavutia.

Nyuzi za kughushi zipo. Herufi zilizofifia, majina yaliyokosewa herufi moja, pakiti iliyofunguliwa na kubandikwa tena, hayo yote ni sababu ya kuondoka. Kama pakiti ina dirisha la plastiki, tazama rangi ya waya. Doa jeusi au la kahawia kwenye uzi ambao haujaguswa na mtu ni kutu.

Ukifaulu: kila neno kwenye pakiti linalingana na karatasi yako. Lisipolingana hata moja, subiri wiki nyingine.

## Hatua ya 7: Funga uzi mmoja mmoja

Usitoe nyuzi zote kwa pamoja. Ukibadilisha mmoja mmoja, shingo inabaki na mvuto wake na daraja halihami. Kwenye besi ambayo daraja lake limekaa tu bila skrubu, kama zile za umbo la fidla, ukitoa zote daraja linaanguka na hutajua lilikaa wapi.

Legeza uzi kwa kigingi hadi uning'inie kabisa, ndipo uutoe. Kamwe usiukate ukiwa umekazwa. Ukiruka, unaelekea usoni.

Pitisha uzi mpya darajani hadi kidonge kikae imara, uulaze kwenye mfereji wake, uunyooshe hadi kwenye kigingi chake. Uache ujigeuze wenyewe mkononi hadi utulie. Uzi uliosokotwa wakati wa kufunga unatoa noti mbili mbili.

Sasa pima sentimita 10 hadi 12 kupita kigingi, na hapo ukunje kwa pembe mraba kabla ya kukata. Kata sentimita moja mbele ya kunjo. Kunjo ndilo linalobana waya wa nje usiteleze juu ya kiini. Ukikata bila kukunja, waya wa nje unaweza kulegea urefu wote wa uzi, na hakuna namna ya kuukaza tena. Uzi utafifia siku hiyo hiyo ukiwa mpya.

Chomeka ncha kwenye tundu la katikati ya kigingi, kunjia kwenye mwanya, na uzungushe kuelekea chini, kila mzunguko chini ya mwenzake. E inatosha mizunguko miwili. G mitatu au zaidi. Uzi wa A upe uangalifu wa pekee: kwenye vichwa vingi vya vigingi vinne kwa mstari, hauna kishikizo cha kuuvuta chini kama D na G, kwa hiyo mizunguko ishuke hadi chini kabisa ya kigingi. Vinginevyo hautaubana mfupa na utavuma kila ukiupiga wazi.

Ukishafika noti, bonyeza uzi kwa kidole gumba mbele tu ya kitako, na mbele tu ya mfupa. Bonyezo dogo, siyo la nguvu. Uzi mnene hupenda kupita hapo kwa upinde, na upinde huo unaharibu noti. Kisha uvute uzi katikati polepole mara tatu nne, utyuni tena, urudie hadi usishuke.

Simu nyingi hazisikii vizuri E ya chini, ambayo ni mitetemo 41 kwa sekunde, na B ya 31 ndiyo kabisa. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upige, na noti ya juu itakayolia tyuna itaisoma mara moja.

Ukifaulu: hariri yote iko ng'ambo ya mfupa upande wa kichwa, mizunguko haijapandana, na uzi umebaki na noti yake baada ya kuvutwa.

## Hatua ya 8: Rekebisha gitaa lizoee

Liache usiku mmoja likiwa limetyuniwa. Shingo ni mbao, haijibu papo hapo.

Anza na shingo. Bonyeza uzi wa E freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na freti ya mwisho kwa mkono mwingine au kiwiko. Tazama mwanya kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Unatakiwa kuwa milimita 0.3 hadi 0.4. Karatasi moja ya fotokopi ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo karatasi tatu zikipita kwa kugusa kidogo, uko vizuri. Zikipita nne na nafasi bado ipo, shingo imepinda mbele. Isipopita hata moja, imenyooka mno au imepinda nyuma.

Chuma kilichomo ndani ya shingo kinazungushwa kwa alenki. Kwenda na mshale wa saa kunanyoosha upinde, kurudi nyuma kunaongeza. Zungusha robo tu, tyuni, subiri, pima tena. Kikikataa, usilazimishe. Chuma hicho kikikatika, unatafuta shingo nyingine. Mpelekee fundi.

Shingo ikitulia, pima kimo cha nyuzi freti ya 17, kutoka juu ya chuma hadi chini ya uzi. Milimita 2 hadi 2.5 inawafaa wengi. Panda au shuka kwa skrubu za vitako, na kama una mkono mzito, kaa karibu na 2.5.

Mwisho, noti za juu. Piga ile noti ya kugusa freti ya 12, kisha bonyeza freti hiyo hiyo. Kama ya kubonyeza iko juu ya ile ya kugusa, rudisha kitako nyuma, mbali na shingo. Kama iko chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kidogo kila unaposogeza kitako, utyuni, urudie. Fanya kwa kila uzi. Nikiwa na besi mpya mezani, hatua hii peke yake inanichukua nusu saa na sijawahi kuona njia ya mkato.

Ukifaulu: noti mbili za freti ya 12 zinalingana kwenye tyuna, na hakuna freti inayovuma ukipiga kwa nguvu unayotumia kanisani au jukwaani.

## Mambo yanayorudi baada ya siku chache

*Freti za kwanza zinavuma, za juu hazina shida.* Shingo imenyooka mno. Rudi kwenye karatasi tatu.

*Uzi wazi tu unavuma, ukibonyeza freti unatulia.* Mfereji wa mfupa umezidi kina au upana, au uzi hauvutwi chini vya kutosha kichwani. Hutokea sana ukitoka nyuzi nene kwenda nyembamba.

*Uzi mmoja unasikika kidogo kuliko mingine.* Pikapu imeinama. Bonyeza freti ya mwisho na uangalie umbali kati ya uzi na pikapu, kisha inua upande wa ule uzi dhaifu kwa skrubu, nusu mzunguko kila mara.

*Uzi mmoja unatoa noti mbili mbili hata baada ya kurekebisha kila kitu.* Ulegeze kabisa, utoe kidonge darajani, uuache ujifungue msokoto wake, uufunge tena. Ukiendelea, ni mbovu tangu kiwandani. Mrudishie muuzaji pamoja na pakiti, kwa hiyo usiitupe pakiti wiki ya kwanza.

Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi juu na chini kwa kitambaa kikavu, hasa baada ya ukumbi wenye joto. Seti ya zamani iviringishe, ifunge kwa utepe, uiweke kwenye mkoba pamoja na plaizi na ile karatasi ya vipimo. Uzi wa G ukikatika katikati ya harusi, uzi mkuukuu wa urefu sahihi utakufikisha hadi wimbo wa mwisho.